Kuifundisha Mashine Kutoa Mji

Habari za chembe yangu zilifika kanisani kabla hazijawafikia wanafizikia wa dunia. Lawama nazitupia simu za mkononi. Ndiyo kwanza zilikuwa zimepanda huku Ufipa; kampuni za watu binafsi zilikuwa zinasimika minara juu ya vilima, na baba yangu, mkulima wa mahindi na ulezi na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo kijijini kwetu, alikuwa na simu yake tayari, ameifunga kamba na kuivaa shingoni sambamba na rozari. Nilimpigia kutoka Dar es Salaam nikiwa na furaha hadi maneno yanagongana mdomoni. Nikamwambia, "Baba, inaonekana tumepata chembe mpya."

Neno "inaonekana" halikufika. Lilidondoka mahali fulani, ama kati ya mnara na sikio la baba, ama kati ya sikio lake na mdomo wake, na kwa jinsi ninavyomfahamu baba nashuku hapo pa pili. Kilichosikika kwenye jumuiya jioni ile ni kwamba binti yake amegundua kitu ambacho hakijapata kuonekana tangu kuumbwa kwa dunia, na kwamba Wazungu wenyewe wamekubali. Habari ikamfikia paroko. Paroko, mtu mwepesi wa kufurahi, akatangaza misa ya shukrani, ifanyike Jumapili ya kwanza nikija likizo. Baba akaenda kwa familia moja ya Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, akanunua mbuzi.

Kwa hiyo nilipoteremka stendi ya Sumbawanga, baridi ya Juni ikinipiga mashavuni, mama mmoja muuza karanga nisiyemjua hata kwa sura alinitazama, akanitazama tena, akauliza, "Wewe si yule wa chembe?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hongera mwanangu. Na hiyo chembe inafaa kwa nini?"

"Bado tunaiangalia."

"Iangalieni vizuri," akasema, akanijazia karanga kwenye kiganja.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata kijijini walinidai maelezo. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya fizikia. Kikundi chetu pale chuoni kilishirikiana na watafiti wa ng'ambo waliokuwa na tangi kubwa la maji, wamelifukia chini kabisa ndani ya mgodi uliokwisha kuachwa. Kuta za tangi zilikuwa zimejaa macho ya kioo yanayoweza kuona mwanga hafifu mno. Chembe ndogondogo zinazotoka angani zikipita kwenye yale maji huacha mmweko, na kila aina ya chembe ina picha yake ya mmweko, kama vile kila mnyama anavyokuwa na unyayo wake. Picha zilikuwa nyingi kupita macho ya watu. Ndipo tukaifundisha kompyuta izichambue.

Siku hizi kitu hicho kinaitwa akili mnemba na kila mtu anacho mfukoni. Wakati ule tulikiita mtandao tu, na nusu ya maprofesa walikuwa wakiukunjia pua. Ulikuwa programu isiyopewa kanuni, bali mifano. Unauonyesha picha, unauambia hii ni chembe fulani, ile ni chembe fulani, mpaka unashika wenyewe. Mimi niliufundisha kwa picha za chembe zinazojulikana, pamoja na picha za kubuni za chembe moja ambayo wataalamu wa nadharia walisema huenda ipo lakini hakuna aliyewahi kuiona. Kisha nikaupa picha za kweli kutoka kwenye tangi. Ukazichambua zote, na chache ukaziweka pembeni: hizi ni ile mpya. Kila jibu uliliambatishia namba ya uhakika, kuanzia sifuri hadi moja. Kwa hizo chache namba ilikuwa sifuri nukta tisa tisa.

Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka. Sioni haya kusema. Mtoto wa Ufipa, aliyelelewa na jembe la mkono, anatazama kitu ambacho huenda hakuna jicho lililokiona! Usiku ule sikulala, na kesho yake ndipo nikampigia baba.

Profesa wangu hakupiga kelele. Aliniita ofisini akaniwekea mambo mezani. Jumatatu ya wiki iliyofuata, viongozi wa jaribio wangesimama kwenye mkutano ng'ambo na kutangaza. Lakini uchambuzi ulikuwa wangu, kwa hiyo neno la mwisho walinitaka mimi. Kabla ya Jumamosi adhuhuri niwaandikie: jibu la mtandao linasimama au halisimami. Likisimama, jina langu linatangulia kwenye makala, na nafasi ya kusomea uzamivu huko huko kwenye tangi ni yangu. "Nenda nyumbani ukatulie," alisema. "Ukiwa na shaka, sema. Usiseme nina shaka kidogo. Shaka ya kiasi gani, ndicho watakachouliza."

Nikaondoka na kompyuta ya mkononi ya chuo nikiwa nimeiviringisha kwenye vitenge viwili kama mtoto mchanga. Jina langu kutangulia! Nililitamani jambo hilo waziwazi, bila unafiki. Lakini ndani ya basi, barabara ya vumbi ikiniponda mgongo, kitu kimoja kilianza kunitekenya. Zile namba zilikuwa nzuri mno. Katika picha zote zile, mtandao wangu haukusita hata mara moja. Sijawahi kukutana na mtu mwenye akili asiyesita.

Mtaa wa Majengo, pale mjini Sumbawanga, kulikuwa na duka moja la intaneti, la dada mmoja mnene mcheshi aliyeacha kazi serikalini alipoona biashara zimefunguliwa. Alikuwa na kompyuta chache zilizotumika, alizozivusha kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasesya, laini ya simu iliyokuwa ikikoroma kabla ya kuunganika, mashine ya kutoa nakala, skana, na kona yenye pazia la bluu kwa ajili ya picha za pasipoti. Asubuhi ya Alhamisi nilijipatia meza yangu hapo dirishani.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Kumbe ndiwe. Baba yako kaacha picha zake hapa, alipiga za kitambulisho cha chama cha ushirika. Utampelekea."

Akanipa bahasha. Baba alikuwa amevaa suti yake ya mtumba, shingo ameikaza kama anayekaguliwa na rais. Nikacheka, nikaiweka bahasha pembeni, nikaanza kazi. Nilijaribu yote niliyofundishwa. Nilikagua hesabu upya, nikapunguza picha za mafunzo, nikaongeza. Mtandao ulijibu vile vile, sifuri nukta tisa tisa. Kila jibu lilinifurahisha na kuniudhi kwa wakati mmoja, hadi nikajiuliza swali la kitoto: hivi huyu, nikimpa kitu ambacho hakika si chembe, atasemaje?

Nikatazama dukani nitafute kitu kisicho chembe. Macho yakaangukia bahasha.

Niliiweka picha ya baba kwenye skana. Nikaikata vipande vidogo, mwanga wa kila kipande nikaufanya kana kwamba umeonwa na jicho moja la tangi, kisha nikaulisha mtandao baba yangu, suti na yote. Mtandao haukusita. Chembe mpya, sifuri nukta tisa tisa.

Nilicheka mpaka dada akatoka nyuma ya kaunta. Nilipomweleza, alishika kiuno akaitazama skrini, akaitazama picha. "Sasa si kweli?" akasema. "Baba yako yule, umeshawahi kumwona mwingine wa aina yake?"

Lakini kicheko changu kilikuwa kinapoa. Nikamwaga punje za ulezi juu ya kioo cha skana, dada akinifokea kwamba nitamjazia vumbi. Mtandao ukasema ulezi ni chembe ya kawaida ya angani, bila shaka yoyote. Nikaweka ncha ya kitenge. Chembe mpya tena. Chochote kigeni nilichouonyesha ulikitafutia mojawapo ya majina niliyoufundisha, ukatia namba kubwa, ukatulia.

Niliuelewa papo hapo, maana tabia ile niliijua tangu utotoni. Kwetu mgeni akiuliza njia, hakuna anayemwambia sijui. Kumwambia mgeni sijui ni kama kumfungia mlango usoni. Utamwonyesha kwa mkono wote, "Nenda hapo mbele tu, si mbali," hata kama hiyo nyumba anayoitafuta hujawahi kuisikia. Wageni wamewahi kulala porini kwa sababu ya ukarimu wetu. Nami nilikuwa nimeilea mashine kwa adabu za nyumbani: nimeipa majina machache, nikaidai jina kila mara, sikuipa nafasi ya kusema jina hili silijui. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Haikunijia tu kwamba jibu linaweza kukosekana.

Nilirudi kijijini nimebebwa nyuma ya baiskeli ya binamu. Nikimwambia baba, nitamwambia nini? Kwamba chembe si mpya? Hilo nalo nilikuwa silijui! Huenda ilikuwa mpya kweli. Mtandao ungesema mpya kwa chembe mpya na kwa suti ya mtumba, sasa utatofautishaje? Nikamkuta baba uani anaifanyia mazoezi hotuba yake, mbuzi kafungwa kwenye nguzo akiwa ndiye msikilizaji pekee.

"Mama, umekuja," akaniambia. Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo. "Sikiliza hapa. Niseme 'chembe aliyoigundua' au 'chembe aliyoivumbua'? Paroko anasema vumbua ina uzito."

"Shikamoo baba," nikasema, nikapita ndani.

Jioni ile tulikaa jikoni kupukuchua mahindi. Moto ulikuwa mkubwa na moshi ni ule wa kukufanya ulie bila msiba. Alikuwepo mama, binamu zangu, na shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi ni mtu wa kusimuliwa. Katika maisha yake yote hajawahi kushindwa na kitendawili, kwa sababu hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Kwetu, kama ilivyo kwingine, kitendawili kikikushinda unaombwa mji: unatoa mji, mtegaji anautembelea kwa maneno, anakula, anakunywa, kisha anakuambia jibu. Hakuna aibu. Kuna watu hutoa mji makusudi ili tu wasikie mtegaji atakavyoula. Shangazi hatoi.

"Kitendawili!" binamu akaanza.

"Tega!"

"Mgeni wangu akija hupiga makofi juu ya bati."

"Kunguru," akasema shangazi kabla pumzi haijaisha.

"Siyo. Nipe mji."

"Mji sitoi. Ni paka."

"Siyo, shangazi."

"Basi ni fundi. Fundi wa bati! Nani kasema siyo?"

"Ni mvua, shangazi!"

"Mvua na fundi tofauti yake nini, wote si wako juu ya bati?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikabaki nimeshika gunzi, mdomo wazi. Kila jibu alilitoa kwa sauti ile ile. Kunguru kwa sauti kubwa, paka kwa sauti kubwa, fundi kwa sauti kubwa. Anapojua na anapokuwa hajui, sauti ya shangazi ni moja. Lakini angekuwa shangazi watatu, kila mmoja amekulia nyumba yake? Kwenye kitendawili wanachokijua wote wangesema kitu kimoja. Kwenye wasichokijua, mmoja angesema kunguru, mwingine paka, mwingine fundi, na mimi niliyekaa pembeni ningejua mara moja kwamba hapa hakuna anayejua!

Nilisimama ghafla nikamwaga ungo mzima wa mahindi.

"Shangazi, wewe ni mtandao!"

"Mtandao ni wewe," akajibu kwa hasira. "Okota mahindi ya watu."

Niliokota nikicheka. Kuna furaha za aina nyingi, lakini ile ya kuona njia imefunguka mbele yako, ukiwa umepiga magoti sakafuni unachakura mahindi chini ya kinu, sijapata ya kuifananisha nayo.

Ijumaa alfajiri nilikuwa Majengo kabla duka halijafunguliwa. Nilimweleza dada kwamba ninahitaji kompyuta zake zote, kila moja nifundishe mtandao wake peke yake, kuanzia mahali pake, kwa mifano iliyochanganywa kivyake. Kisha akageuza kibao cha mlangoni, na kila mteja aliyekuja siku ile alimwambia kwa uso mkavu kwamba intaneti imeharibika, fundi yuko ndani. Fundi alikuwa mimi. Mara moja umeme ulikatika, kama ulivyozoea, tukaanza upya na dada akautukana upande mzima wa Zambia, umeme wetu ulikokuwa ukitoka.

Mpaka jioni mashine zilikuwa zimeiva. Kanuni niliyoziwekea ilikuwa rahisi: mitandao ikikubaliana, toa jina. Ikibishana, usitoe jina lolote, toa mji. Niliandika hivyo hivyo kwenye programu, herufi tatu, MJI, sikutaka kutafuta neno la kitaalamu.

Kwanza nilizipa chembe za kawaida. Zote zikasema jina moja, kama watoto wakijibu darasani. Kisha nikazipa ulezi, na zikafarakana. Kisha nikampitisha baba. Moja ikasema chembe mpya, nyingine chembe ya kawaida ya aina hii, nyingine ya aina ile. Kwenye skrini likatokea: MJI.

Nilimkumbatia dada tukazunguka naye katikati ya duka. "Imetoa mji!" nilikuwa napiga kelele. "Imetoa mji!" Naye akapiga vigelegele, ingawa nadhani alishangilia tu kwa kuwa mimi nilikuwa nashangilia. Mashine yangu ilikuwa imejua kwamba haijui. Sijui kama mtu asiyeifanya kazi hii anaweza kuhisi ukubwa wake. Kuanzia saa ile shaka haikuwa tena ukungu kichwani mwangu. Ilikuwa kitu cha kupimwa, kikubwa hapa, kidogo pale, ningeweza kumwambia profesa ni cha kiasi gani.

Zilikuwa zimebaki zile picha chache zenyewe. Nilikaa, nikajifuta mikono kwenye sketi, nikazipitisha moja moja.

Mji. Mji. Mji. Zilibishana juu ya chembe yangu kama zilivyobishana juu ya baba yangu. Hakuna hata picha moja iliyoponyoka.

Nilisikia uchungu, nisiseme uongo. Jina langu lililokuwa limetangulia nililiona likirudi nyuma ya foleni. Lakini ajabu, uchungu ule haukuizima furaha. Vilikaa pamoja kama wageni wawili kwenye mkeka mmoja. Na nilipozitazama zile picha upya, sasa nikiwa sizitazami kwa matumaini, niliona jambo ambalo macho yenye hamu hayakuliona. Kila mmweko wa ajabu ulikuwa umeegemea upande mmoja wa tangi, macho ya kaskazini. Chembe kutoka angani ina sababu gani ya kupenda kaskazini?

Jumamosi asubuhi niliandika barua pepe: jibu la mtandao halisimami. Hatuna ushahidi kwamba ni mpya, wala hatuna kwamba si mpya. Mashine hazijui, na hivi ndivyo nilivyopima kutojua kwao. Naomba macho ya upande wa kaskazini yakaguliwe. Laini ikakoroma, barua ikaenda. Profesa akajibu kwa maneno mawili: "Una uhakika?" Nikamjibu kwamba nina uhakika hatujui. Halikuja neno jingine. Tangazo lilifutwa au halikufutwa, sikuelezwa.

Baba nilimwambia jioni hiyo, uani, mbuzi akitusikiliza. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya picha yake. Aliichezea kamba ya simu.

"Kwa hiyo hamjapata."

"Hatujui kama tumepata, baba."

"Na watu nimeshawaambia."

"Najua."

"Na mbuzi nimeshanunua." Akamtazama mbuzi. "Kesho utasema mwenyewe. Mimi sina ulimi wa kusema hilo."

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye upepo. Kwaya imevaa sare, matoleo yamepangwa mlangoni, mbuzi ana utepe shingoni, na baba amekaa benchi la mbele na suti yake, haangalii kulia wala kushoto. Paroko aliponiita, nilikwenda mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kitaalamu, yote yalipotea. Nikasema kile kilichokuwa kinywani.

"Kitendawili!"

Kanisa likashtuka. Kisha, kutoka upande wa akina mama, sauti ya shangazi ikajibu, "Tega!"

"Mungu ametutegea kimoja kule chini ya maji," nikasema. "Nilidhani nimekitegua. Nikamwambia baba, baba akawaambia ninyi. Lakini bado. Tumekwama, mimi na wakubwa wangu wa ng'ambo, na mashine zetu zote. Jana nimewaandikia kwamba tutoe mji."

Nikamwona baba ameinamisha kichwa. Ndipo mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, kwa dhati kabisa, "Mmetoa mji gani?"

"Bado hatujachagua."

"Wapeni Sumbawanga!" mtu akapaza sauti, na kanisa zima likalipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele hadi mbuzi akajibu, na paroko mwenyewe akawa anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Waliijua hali hiyo. Kitendawili kilikuwa kigumu, mji umetolewa, mchezo unaendelea. Kwaya ikaanza wimbo wa matoleo. Baba akainuka, akamshika mbuzi kamba, akaenda naye altareni akicheza, kwanza polepole, kisha kwa mabega.

Majibu ya ng'ambo yalikuja baadaye, nikiwa nimeshaanza kufungasha kurudi chuoni. Tangazo lilikuwa limesimamishwa. Walishuka mgodini wakakagua macho ya kaskazini, wakakuta waya mmoja mkuu umeingia unyevu na ulikuwa ukipeleka habari zimechelewa, ndiyo maana mmweko wa kawaida ulionekana wa ajabu. Chembe haikuwepo. Na mkuu wa jaribio aliandika kwamba huo mtindo wa mji angependa aje aone unavyofanya kazi, au tuseme, niende mimi nikamwonyeshe. Nilisoma mstari huo mara nyingi mno, dada akiwa amening'inia begani kwangu.

Nilimkuta baba barabarani, amesimama na wanunuzi wa nafaka waliokuja na lori kutoka mbali. Alinitambulisha kwa kunishika bega, simu ikining'inia kifuani pake.

"Huyu ndiye binti yangu," akawaambia. "Wazungu walidhani wanajua. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba hawajui, na wakakubali."

Hivyo sivyo ilivyokuwa. Aliyedhani anajua nilikuwa mimi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilifungua mdomo ili nimsahihishe, nikamtazama alivyoikaza shingo, nikawapa mkono wale wanunuzi, nikawaambia karibuni Ufipa.